Maji ya Mfereji na Miasumini Yangu

Jani changa la mwasumini likigeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, mimi sifungui mfuko wa mbolea. Nayatazama maji kwanza. Ninapanda asumini, mawaridi na mrehani kwenye vyungu juu ya dari yetu hapa Mkomani, mtaa wa mji wa Amu (Lamu), na maua hayo ndiyo ninayofungia vikuba vya harusi, vile vishada vidogo vya maua ya kunukia. Vitumba vya asumini huchumwa mchana, kabla havijafunguka, ili vifunguke usiku kwa bibi harusi. Mwasumini uliofifia hutoa vitumba vichache, vidogo, na mwenye harusi hataki maelezo, anataka maua. Kwa hiyo suala la maji kwangu ni suala la riziki, na nimelisoma kwa bidii kuliko nilivyowahi kusoma kemia nikiwa shule.

Nianze na yalikotoka. Maji ya mfereji hapa mjini Amu yanatoka kwenye visima vya Shela, chini ya vile vilima vya mchanga. Mvua ikinyesha, mchanga huinywa, maji yakashuka na kutua juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa, maana maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Ndiyo hazina yetu, na mtu yeyote anayeujua mji huu anajua kwa nini vilima vile havifai kuchezewa. Lakini maji hayo hayafiki kwetu vile yalivyodondoka. Mvua ikiwa bado hewani huchukua kaboni dioksidi na kupata uchachu kidogo, pH yake ikawa karibu 5.6. Uchachu huo, mdogo kama ulivyo, unatosha kuyeyusha chokaa ya magamba ya kombe na mawe ya matumbawe ardhini. Mpaka maji yanafika kwenye ndoo yangu, uchachu umekwisha na mahali pake pamekaa chokaa iliyoyeyuka, ile ambayo wanakemia huiita bikaboneti ya kalsiamu. Huioni kwa macho. Utaiona ndani ya birika la chai, ule ukoko mweupe usiotoka kwa kusugua.

Kipimo cha pH kilianzishwa mwaka 1909 na Mdenmaki, Søren Sørensen, katika maabara ya Carlsberg kule Copenhagen. Saba ni katikati. Chini ya saba ni upande wa asidi, juu yake ni upande wa alkali. Hesabu yake si ya kujumlisha bali ya kuzidisha kwa kumi: maji ya pH 8 yana asidi mara kumi chini ya maji ya pH 7, na mara mia chini ya maji ya pH 6. Hapo ndipo mmea unapoumia. Madini ya chuma yamo udongoni, mengi tu, lakini mzizi hauwezi kuyachukua mpaka yayeyuke, na kila pH ya udongo inapopanda hatua moja, chuma kinachoweza kuyeyuka chenyewe hupungua mara elfu moja. Mimea mingi ya vyunguni hufurahi udongo ukiwa kati ya 5.5 na 6.5. Udongo ukishafika 7.5 au 8, mwasumini unakaa juu ya chuma na bado unakufa njaa ya chuma.

Njaa hiyo ina alama yake, na inafaa kuijua vizuri maana wengi huichanganya na nyingine. Chuma kikikosekana, huanza kwa majani machanga ya juu, kwa sababu mmea hauwezi kukitoa kwenye jani la zamani ukalipa jipya. Jani huwa manjano, mishipa hubaki kijani kama imechorwa kwa wino. Naitrojeni ikikosekana, ni kinyume chake: majani ya chini, yaliyozeeka, ndiyo hupauka kwanza, na hupauka lote pamoja na mishipa. Magnesi nayo huanza na majani ya chini, lakini huacha mishipa na kijani chake. Ukiona kingo za jani zimekauka na kuwa kahawia, hiyo si pH, mara nyingi ni chumvi, na nitaifikia.

Sasa nataka kusema jambo ambalo laiti ningelisikia kwa kila mtu anayeuza vifaa vya bustani: usiifukuze nambari ya pH. Nambari ya pH inakuonyesha mtu amesimama wapi. Chokaa inakuonyesha mzigo aliobeba kichwani. Maji mawili yanaweza kuwa na pH 8 sawasawa, haya yakawa na chokaa kidogo sana, matone machache ya ndimu yakayashusha, na hayataudhuru udongo. Yale yakawa yamebeba chokaa nyingi, ukayatia ndimu nzima na pH isisogee. Haya ya pili ndiyo yetu. Kila ndoo unayomwagia chungu inaacha chokaa yake humo, maji yanakauka, chokaa inabaki, na baada ya miezi udongo uliokuwa mzuri umegeuka.

Mzigo huo unapimika. Wafugaji wa samaki wa mapambo wana chupa ndogo ya dawa ya matone ambayo kwenye lebo yake huandikwa KH. Mimi yangu niliagiza Mombasa. Unatia maji mililita 5 kwenye kijichupa cha kioo, unadondosha tone baada ya tone mpaka rangi igeuke kutoka buluu kuwa manjano, na kila tone ni digrii moja, yaani takriban miligramu 18 za chokaa kwa lita. Maji ya mfereji wangu hufika matone 14, ambayo ni karibu miligramu 250 kwa lita. Nyumba nyingine, mtaa mwingine, au msimu mwingine huenda ikawa tofauti, kwa hiyo pima yako. Ile karatasi ya pH inayogeuka rangi nayo ninayo, na inafaa, lakini kwangu ni ya pili.

Karatasi hiyo ina mtego. Maji yaliyotoka ardhini sasa hivi huwa na kaboni dioksidi nyingi ndani yake, na gesi hiyo huyafanya yaonekane hayana alkali sana. Yaweke kwenye karai usiku kucha: gesi inatoka, na asubuhi pH imepanda. Watu huacha maji yalale ili dawa ya klorini itoke, na klorini kweli hutoka, lakini wakidhani kulala huko kunashusha pH, ni kinyume. Hali kadhalika unapotia asidi. Ndimu inapokutana na bikaboneti, hutoa kaboni dioksidi, na kipimo ukikichovya hapo hapo kitakuambia 6 au chini yake. Yapime maji tena kesho yake asubuhi, utakuta nambari imepanda tena kupita 7. Mtu asiyejua hudhani ndimu haikufanya kazi, akaongeza nyingine, na nyingine, mpaka akaunguza mizizi. Kazi ilishafanyika. Mzigo wa chokaa umepungua hata kama nambari imerudi juu. Dondosha matone ya KH na utaona.

Hesabu yangu ni hii, na yeyote anaweza kuifuata kwa kubadilisha nambari zake. Sitaki kuiondoa chokaa yote, maana kalsiamu nayo ni chakula, na maji yasiyo na kinga yoyote hupinduka kuwa asidi kali kwa tone moja. Nataka zibaki digrii 3 katika zile 14. Kwa ndoo ya lita 20, kuondoa digrii 11 kunahitaji kama gramu 7 za asidi ya sitriki, ile ya unga mweupe inayotiwa kwenye jemu na sharubati; ni kijiko cha chai kimoja na nusu hivi, lakini mizani ndogo ya jikoni ni bora kuliko kijiko. Asiyekuwa na unga atumie maji ya ndimu yaliyochujwa, mililita 110 hadi 120, ambazo hutoka kwenye ndimu tano au sita zenye maji mazuri. Siki nyeupe ya asilimia 5 hufanya kazi karibu sawa na ndimu: mililita 100. Koroga, acha kidogo, kisha mwagia. Wenye maji ya digrii 7 watumie chini ya nusu ya hapo. Na wenye maji ya mvua wasitie chochote.

Bei ya ndimu ikipanda, ndoo hiyo inakuwa ghali, na hapo ndipo watu hukata tamaa. Ila kuna sababu nyingine, ya ndani zaidi, inayonifanya nisitegemee ndimu peke yake. Asidi ya ndimu na ya siki ni chakula cha vijidudu vya udongoni. Vijidudu hivyo vikishaila, bikaboneti hurudi pale pale ilipoondolewa. Kwa siku kadhaa mizizi imepata nafasi ya kuvuta chuma, na hilo si dogo, nimeona majani mapya yakitoka na kijani chake; lakini chokaa ya ndoo hiyo haikuondoka chunguni. Mashamba makubwa ya maua hutumia asidi ya salfa, ya fosforasi au ya naitriki, ambazo vijidudu havizili, lakini hizo si vitu vya kuweka kwenye nyumba yenye watoto wanaopanda na kushuka ngazi. Asidi ya betri hasa naiomba isitajwe kabisa. Nimeulizwa na kijana wa jirani, "Shangazi, si ni asidi ya salfa ile ile?" Ni ile ile, na ina uwezo wa kukutoa jicho kwa tone moja, na ikiwa imetoka kwenye betri iliyotumika ina risasi ndani yake. Hapana.

Dawa yenyewe inaanguka kutoka mbinguni bure. Bibi yangu hakuruhusu maji ya kisima yafike kwenye asumini zake. "Mai ya kisima ni ya kuoshea zombo, mwanangu. Maua yape ya mvua." Hakujua pH, lakini alikuwa na birika nyumbani, si la chai, ni lile tangi la kujengwa la maji ya mvua, na alijua maua yanataka nini. Na visiwa vyetu vingi vimeishi hivyo. Nendeni Ndau, Kizingitini, Kiwayu, muone majabia: sakafu pana zilizotiwa mteremko kukusanya mvua na kuipeleka kwenye shimo lililofunikwa. Watu walijenga vile kwa sababu ya kunywa, kwa kuwa visima vyao ni vya chumvi, na mimi siwezi kutazama jabia bila kuvutiwa na akili iliyolijenga.

Darini kwangu hakuna jabia, kuna tangi la plastiki na bomba linaloshuka kutoka paa la bati. Hesabu ya mvua ni nyepesi: milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 10 ni lita 400, ukitoa zinazopotea kwa kuruka na kukauka. Masika ya Mei hujaza kila kitu nilicho nacho, mitungi, ndoo, hata sufuria za biriani. Maji ya dakika za kwanza nayaacha yaende, yana kinyesi cha ndege na vumbi. Mwenye paa la makuti atapata maji ya rangi ya chai, na kwa maua hayana neno. Ila mwenye sakafu ya juu ya chokaa, au tangi jipya la saruji, ajue kwamba mvua yake itaokota chokaa hapo hapo; tangi la saruji linahitaji kujazwa na kumwagwa mara kadhaa kabla halijatulia.

Maji ya mvua hayatoshi mwaka mzima. Kaskazi ikishika, Januari na Februari, tangi linalia. Kwa hiyo nachanganya: nusu ya mvua, nusu ya mfereji. Digrii 14 zikichanganywa na sufuri zinakuwa 7, na mwasumini unaweza kuishi na 7 bila kulalamika sana, hasa ukisaidiwa na ndimu kidogo siku mojamoja. Mchanganyiko huo una faida nyingine: mvua peke yake haina kalsiamu wala magnesi, na ya mfereji inayo. Kuchemsha nako huondoa chokaa, ndiyo maana inabaki kwenye birika, lakini kwa bei ya makaa ya sasa siwezi kumwambia mtu achemshe maji ya maua.

Naambiwa mengi. Zika misumari yenye kutu. Kutu ni chuma, kweli, lakini ni chuma kisichoyeyuka, na kwenye udongo wenye chokaa kitakaa hivyo miaka. Mwaga machicha ya kahawa. Hapa Amu kahawa hainyimwi mtu, machicha ni mengi, na yanalainisha udongo vizuri, ila asidi yake kubwa imeshaondoka na kahawa uliyokunywa. Machicha yenyewe yako karibu na katikati. Tia maganda ya mayai. Hayo ni chokaa tupu, na sisi tunayo ya kutosha. Tia jivu la kuni za mkoko. Jivu ni alkali kali zaidi ya maji yenyewe, na hili nimelikuta kwenye vyungu vya watu wengi, mama wa nyumba ametoa jivu jikoni na kulimimina kwenye maua kwa nia njema kabisa. Samadi ya punda iliyooza vizuri, hiyo sawa, na kwetu haikosekani. Vitu vilivyooza hushika chuma na kukifikisha kwenye mzizi, na huufanya udongo usiyumbe haraka.

Tazama pia chungu kimewekwa wapi na kimejazwa nini. Nyumba zetu za zamani ni matumbawe na lipu ya chokaa kutoka msingi hadi juu, na chungu kilichoegemea ukuta unaochubuka hupokea chokaa kila upepo ukivuma. Nilihamisha changu kutoka ukutani hadi katikati ya dari. Mchanga wa ufuoni una magamba yaliyosagika, na mtu akijazia chungu kwa mchanga huo, hakuna ndoo ya ndimu itakayouokoa mmea wake. Jaribio lake halichukui muda: mwagia siki kidogo juu ya kiganja cha mchanga mkavu. Ukitoa povu na kuchemka, una chokaa, utafutie kazi nyingine. Kwa sababu hiyo hiyo sijisumbui na maji ya ndimu kwa miti iliyopandwa ardhini. Ardhi yenyewe ni chokaa. Huwezi kuimaliza kwa ndoo.

Kwa chungu ambacho udongo wake umeshapanda, kuna mambo mawili yanayofanya kazi polepole na kwa uhakika zaidi kuliko ndimu. Moja ni kubadilisha mbolea: badala ya CAN, ambayo imetengenezwa na chokaa ndani yake, tumia SA, salfeti ya amonia, kidogo sana na kwa udongo uliokwisha loa. Vijidudu vinapoigeuza amonia kuwa naitreti hutoa asidi, na asidi hiyo inabaki. Jingine ni unga wa salfa, wanauuza kwenye agroveti kwa ajili ya ukungu wa majani. Ukiuchanganya kidogo na udongo wenye unyevu, bakteria huugeuza kuwa asidi ya salfa kwa wiki na miezi. Majani yakiwa yameshakuwa manjano na harusi iko karibu, nanyunyiza chuma cha cheleti kwenye majani, yaani chuma kilichoshikwa na kemikali inayokifanya kibaki kimeyeyuka. Cha kumwaga udongoni chagua kwa herufi za pakiti: EDTA huachia chuma chake pH ikipita 6.5 hivi, EDDHA hukishikilia hata kwenye udongo wa alkali. Ni ghali, na kinatumika kidogo.

Kuhusu chumvi, asidi haiiondoi. Maji yakianza kuwa na ladha ya chumvi wakati wa kiangazi, hakuna ndimu itakayoyafanya matamu, na mtu anayeongeza siki anazidisha mzigo. La kufanya ni kumwagia kwa wingi mara moja mpaka maji yatiririke kutoka tundu la chini ya chungu, yaoshe chumvi yashuke nayo, badala ya kumwagia kidogo kidogo kila jioni. Kisahani cha chini kimwagwe, kisiachwe kimejaa.

Si kila mmea unahitaji haya yote. Mrehani hauna taabu na maji ya mfereji. Mkadi na mnazi imeumbwa kwa mchanga wa pwani, na mwarobaini nao unauvumilia. Maji ya mvua yakiwa machache, mimi huyagawa hivi: mwasumini kwanza, kisha mndimu wa chunguni, kisha mawaridi, kisha mbogambilia ikiwa imeanza kupauka, mingine yote inakunywa ya mfereji kama yalivyotoka.